Gari la Kitaliano Lililolala Juu ya Mawe: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara Arusha na Moshi

Ukisimama sheli na gari la zamani la Kitaliano, hutamaliza kujaza mafuta kabla ya kuulizwa maswali matano, na yanafanana kila mara. Nimeyakusanya hapa ili nikiulizwa tena nielekeze mtu badala ya kusimama juani. Nimefufua Alfa Romeo moja na niko katikati ya ya pili, kwa hiyo mifano mingi inatoka kwenye Alfa za GT za miaka ya 1960 na 1970, ndizo ninazozijua kwa mikono. Mengi yanafaa pia kwa Fiat 124 Coupé na Lancia Fulvia.

## Mwanzo kabisa

1. GT maana yake nini, na gari lipi linahesabika?

Ni kifupi cha Gran Turismo, yaani safari kubwa kwa Kitaliano. Gari la milango miwili, viti viwili vya kweli mbele, na nyuma viti vya watoto au begi. Lilikusudiwa kumtoa mtu mji mmoja hadi mji wa mbali kwa siku moja, kwa kasi, na ashuke bila kushika kiuno.

Alfa ninayoizungumzia ilianza 1963 kwa jina la Giulia Sprint GT. Umbo lake lilichorwa na Giorgetto Giugiaro akiwa bado kijana kwenye kampuni ya Bertone. Baadaye ikaja 1750 GT Veloce, kisha 2000 GT Veloce yenye injini ya cc 1962. Kwa wakati wake ilikuwa na mambo ambayo magari mengi ya bei hiyo hayakuwa nayo: gia tano, breki za diski magurudumu yote manne, na kemshafti mbili (fito zinazofungua valvu) juu ya hedi ya aluminiamu.

2. Magari haya yapo kweli huku kwetu?

Yapo machache sana, na yanazidi kupungua kila wanunuzi wa vyuma chakavu wanapopita. Waitaliano waliwahi kuwa na mguu mkubwa nchini. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER pale Dar es Salaam kilianza 1966 kwa ubia na Waitaliano, na watu wazima bado wanamkumbuka yule mbwa wa Agip mwenye miguu sita kwenye vituo vya mafuta. Kwa upande wa kusini, Alfa Romeo ziliunganishwa Brits, Afrika Kusini, hadi 1985, nazo zina usukani wa kulia. Nairobi nako huibuka moja moja.

Usitegemee kuliona likitangazwa. Gari la namna hii hupatikana kwa maneno ya mdomo: fulani ana gari la ajabu bandani, kuku wanalala humo.

3. Je, linafaa kuwa gari langu la kila siku?

Hapana. Nunua IST.

4. Nijiandae na kiasi gani cha fedha?

Siwezi kukutajia bei, kwa sababu gari mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana mara kumi kwa ndani. Ninachoweza kukupa ni kanuni yangu: kama bei ya kununua inakumaliza mfukoni, hilo gari si lako bado. Kila shilingi ya kununua itataka nyingine tatu za kutengeneza, na hapo bodi iwe nzima kiasi.

Watu hukosea kwa kuhesabu injini na rangi tu. Kinachokula fedha kimyakimya ni vidogo: mipira ya milango na vioo, mapambo ya nikeli, busha zote za chini, ushuru wa vifurushi, na siku za fundi ambazo hazikuonekana kwenye makubaliano. Tenga fedha ya bati peke yake na usiiguse kwa jambo lingine lolote. Sababu iko swali la 6.

5. Na muda?

Miaka miwili ukiwa na bahati na fedha inayotiririka. Mimi nilitumia minne, na mmoja kati ya hiyo gari lilisimama likisubiri kioo cha mbele.

## Kutafuta na kununua

6. Nikifika kulikagua, nianzie wapi?

Chini. Vua shati jeupe, lala uvunguni. Injini ya Alfa inaweza kufufuliwa na fundi makini mwenye vipimo, na kama haifai utapata nyingine ng'ambo. Bodi ndiyo gari lenyewe. Haina chasis ya kujitegemea kama Land Cruiser. Sakafu, boriti za chini ya milango na kuta za pembeni ndizo zinazobeba kila kitu. Zikioza, una kabati lenye magurudumu.

Chukua sumaku ya spika mbovu ya redio, uizungushie kitambaa laini ili isikwaruze, uipitishe taratibu kwenye bodi. Mahali inapokataa kushika pana puti, kijazio cha kuficha mashimo na mabonde. Kisha tazama sehemu hizi bila haraka: boriti za chini ya milango, ambazo kwenye Alfa zina bati tatu zilizobebana, na ile ya katikati huoza huku ya nje ikimeremeta, sehemu za kuwekea jeki, sakafu chini ya kapeti, miguuni mwa dereva hasa, shimo la tairi la spea ndani ya buti, bati la chini ya rejeta, pembe za chini za kioo cha mbele na cha nyuma.

Fungua mlango uuinue kwa mkono. Ukicheza, huenda ni bawaba tu. Ila ukiona nafasi kati ya mlango na bodi ni pana chini na imebana juu, gari limeanza kukunjika katikati. Hapo mshukuru mwenyeji kwa chai na uende zako, isipokuwa unalitaka kwa spea.

Mwisho, bisha kwa mpini wa bisibisi kwenye kila bati la chini. Bati zima hulia. Lililooza hujibu kama boksi la karatasi.

7. Lakini injini inawaka! Si dalili nzuri?

Ndivyo nilivyonunua ya kwanza. Ilikuwa banda la shamba la kahawa upande wa Usa River, chini ya turubai. Mwenyewe alifunga betri, akamwagia petroli kidogo kwenye kabureta, ikawaka. Ule mlio! Nilitoa kishika uchumba palepale, sikuinua hata kapeti. Wiki iliyofuata, tunalishusha kwenye kreni, mguu wa dereva wa kreni ukapita sakafuni ukakanyaga ardhi.

Injini kuwaka kunakuambia kwamba haijakamata, yaani haijagoma kuzunguka, basi. Hakukuambii kuhusu bearingi, gasketi ya hedi, wala mgandamizo. Na kuna hasara nyingine: injini iliyolala miaka ikiwashwa ghafla bila kulainishwa hujikwaruza kwa ndani katika zile sekunde chache za furaha. Mwombe mwenyewe asiwashe. Ataona ajabu, lakini mwombe.

8. Mwenye gari ni mzee na hataki kusikia habari ya kuuza. Nifanyeje?

Usianze na bei. Shikamoo, kaa, kunywa kinachotolewa, muulize gari lilimpeleka wapi. Mzee aliyeliweka gari juu ya mawe miaka thelathini badala ya kuliuza kwa kilo hajaweka chuma, ameweka ujana wake. Nimeona ofa nzuri zikikataliwa kwa sababu mnunuzi alisema mbele ya wajukuu kwamba gari "limekufa". Sema limelala.

Rudi mara ya pili bila fedha. Ahidi kwamba siku likitembea atakuwa wa kwanza kupanda, na utimize.

9. Mwenyewe alishafariki, au kadi haionekani. Bado ninunue?

Kadi kupotea kuna taratibu zake: taarifa ya upotevu polisi, kisha TRA. Namba za chasis kwenye gari lazima zilingane na kumbukumbu. Kwenye Alfa zimegongwa kwenye bati la ukuta kati ya injini na dereva. Zikiwa zimesagwa au zimechomelewa kipande, ondoka.

Marehemu ni suala jingine. Anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, wala si mtoto aliyebaki nyumbani na ufunguo, hata awe mwema vipi. Kwa familia za Uchaggani nina ushauri mmoja wa vitendo: subiri Desemba. Ndugu wote wanakuwa wamerudi kihambani, walioko Dar na walioko nje, na jambo ambalo kwa simu lingechukua mwaka humalizwa mchana mmoja kwenye kivuli cha migomba. Andikishaneni kwa wakili, kila mrithi mwenye sauti asaini. Usipofanya hivyo, siku gari liking'aa atatokea shangazi.

10. Si rahisi zaidi kuagiza zuri kutoka nje?

Kwa bati, ndiyo. Kwa mfuko, kaa chini kwanza. Gari linaloingizwa hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, nyongeza kwa sababu ya umri, VAT ya asilimia 18, na tozo nyingine ndogo. Kila kimoja hupanda juu ya kilichotangulia. TRA hukadiria thamani kwa kumbukumbu zake, wala haishiki tu bei ya kwenye risiti yako, na gari adimu la 1972 linaweza kuzua mjadala wa wiki. TBS nao hukagua magari yaliyotumika.

Kuhusu Nairobi: Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, kwa hiyo la zamani utakaloliona kule kwa kawaida lina historia ndefu ya humo humo, jambo zuri. Lakini Namanga si lango la bure kwa sababu tu sote ni Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zungumza na wakala wa forodha kabla ya kuzungumza na muuzaji.

11. Vitu gani vikikosekana niachane nalo?

Watu huogopa injini isiyokuwepo. Mimi naogopa kioo cha mbele kisichokuwepo, fremu za taa, saa za dashibodi, mapambo ya pembeni na vitasa. Injini ni moja na unaiagiza. Vitu vidogo ni mia na hamsini, kila kimoja kina utafutaji wake. Gari bovu lililokamilika ni bora kuliko zuri lililopukutika, na makopo ya bolti zilizochanganyika bandani ni sehemu ya bei: yachukue yote, hata yale ambayo mwenyewe anasema ni takataka.

## Bati na rangi

12. Huku bara hakuna chumvi ya bahari. Kutu inatoka wapi?

Gari lililoishi Tanga, Mombasa au Malindi huliwa na chumvi kutoka nje kwenda ndani, unaliona. La kwetu huliwa kutoka ndani. Tope jekundu hujipakia nyuma ya matao ya magurudumu na ndani ya boriti, linakauka juu, chini linabaki na unyevu. Masika ya mwaka unaofuata linalowa tena kabla halijakauka. Ongeza banda la sakafu ya udongo, mipira ya vioo iliyokufa, na majani yaliyoziba matundu ya kutolea maji. Miaka ishirini ya hivyo, na gari halijawahi kuiona bahari.

Lililowekwa juu ya mawe lina nafuu kidogo kuliko lililoachwa magurudumu chini, kwa sababu hewa inapita uvunguni. Wazee walijua.

13. Mafundi wa Arusha wanaiweza kazi hii?

Ndiyo, na nasema hivyo nikiwa nimesikia wenye magari wakitaka kusafirisha bodi nje ya nchi. Mji huu una mafundi wanaokata Land Cruiser katikati, wanairefusha, wanaiinua paa kwa ajili ya watalii, na gari linakwenda Serengeti kwenye makorongo likirudi bila ufa. Mikono ipo.

Shida ni mazoea ya unene. Fundi wa magari ya utalii anawaza nguvu, na anatumia bati na vyuma vya kubeba watu tisa. Bati la Alfa lina unene wa karibu milimita moja, pengine chini. Ukilichomelea kwa umeme wa fito za kawaida utatoboa, kisha utajaza shimo, kisha utatoboa kando yake. Inatakiwa mashine ya waya na gesi, doa moja moja, ukiacha bati lipoe, ukihama upande. Kijana aliyetoka Chuo cha Ufundi Arusha na mwenye subira anaweza kuwa bora kwako kuliko bingwa mwenye foleni ya magari ya kampuni.

Mambo mawili ya kusimamia wewe mwenyewe. Kwanza, bati la kubadilishia liwe bati jeusi jipya. Usikubali kipande cha bati la paa, maana zinki yake inatoa moshi wenye sumu na haishiki vizuri. Pili, kabla ya kukata boriti ya chini ya mlango, gari liegemezwe sawasawa na uwazi wa mlango ufungwe kwa bomba la chuma kutoka nguzo hadi nguzo. Kata upande mmoja, maliza, ndipo uende wa pili. Asiyefanya hivyo hugundua siku ya kurudisha mlango kwamba haufungi tena, na hakuna fundi wa kulinyoosha jambo hilo.

14. Puti kidogo ina ubaya gani?

Puti nyembamba juu ya bati zima lililonyooshwa haina ubaya, viwanda navyo vilitumia vijazio. Ubaya ni puti juu ya kutu, na puti ya kuchonga umbo. Kipimo changu: ikizidi unene wa sarafu, irudi nyundo.

15. Nipige rangi lini, na naweza kubadilisha rangi?

Arusha epuka masika na epuka Juni na Julai, wakati wa baridi na manyunyu, rangi inakataa kukauka. Kiangazi nacho kina vumbi. Suluhisho ni gereji yenye oveni. Kama huna uwezo huo, lowesha sakafu, funga turubai, pigeni alfajiri. Ukibadilisha rangi, kadi nayo ibadilishwe TRA. Kwa maoni yangu rudisha rangi ya kwanza. Utaikuta safi chini ya kapeti la buti au nyuma ya dashibodi.

## Mitambo

16. Injini imekamata. Tulivute na gari jingine ili iachie?

Usithubutu. Kamba na Fuso vimeua injini nyingi kuliko kutu. Toa plagi zote, mimina mafuta mepesi ya kupenyeza au mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi za otomatiki kwenye kila silinda, acha wiki nzima, ongeza, kisha jaribu kuzungusha kwa spana ndefu kwenye nati ya krenki, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikikataa, hedi ifunguliwe. Ikikubali, bado usiwashe: mwaga oili yote, badilisha filta, zungusha kwa stata bila plagi hadi geji ya oili ipande.

17. Fundi anasema tuboe bloku. Sahihi?

Hapana, na hapa ndipo utamjua fundi. Bloku ya Alfa ni aluminiamu, na silinda zake ni mikono ya chuma inayochomolewa na kubadilishwa pamoja na pistoni zake kama seti. Huboi, unabadilisha. Mikono mipya lazima ichomoze juu ya bloku kwa kipimo kidogo sana, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, ili gasketi ibane. Fundi asiye na saa ya kupimia asiifunge.

Gasketi yenyewe ina mipira midogo ya duara inayozuia oili inayopanda kwenye hedi. Ikifa, oili huingia kwenye maji, na rejeta inakuwa kama chai ya maziwa iliyolala.

Na onyo ambalo sijalisikia gereji yoyote: valvu za ekzosi za injini hizi zina sodiamu ndani. Usizikate, usizitupe motoni, usimpe mtoto achezee. Sodiamu ikikutana na maji hulipuka.

Giaboksi ikikwaruza gia ya pili asubuhi na kuacha ikipata joto, hiyo ni tabia ya familia. Ivumilie.

18. Kwa nini kabureta hazitulii Arusha hata baada ya kusafishwa?

Kwa sababu ya mwinuko. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta haijui. Inaendelea kumwaga petroli ileile, plagi zinakuwa nyeusi, moshi unanuka. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kila mita 1,000, kwa hiyo usimlaumu fundi kwa nguvu zote zilizopungua. Moshi iko chini zaidi, utaona gari linachangamka ukishuka kutoka Arusha kwenda huko.

Alfa nyingi zina kabureta mbili zenye midomo miwili kila moja, silinda moja kwa mdomo mmoja. Weka jeti (tundu linalopima petroli) ndogo kidogo kwa mwinuko wetu, kisha linganisha upumuaji wa midomo. Fundi wangu hutumia kipande cha mpira wa maji sikioni, anasikiliza mdomo mmoja baada ya mwingine kama daktari. Na filta ya hewa isikosekane, hata kama picha za Ulaya zinaonyesha midomo wazi inavyopendeza. Ulaya hawana vumbi la Kisongo.

19. Petroli ya sasa isiyo na risasi haitaharibu valvu?

Swali hili linatoka kwenye magari yenye hedi za chuma. Alfa ina hedi ya aluminiamu yenye viti vigumu vya valvu vilivyopachikwa, na huku kwetu petroli yenye risasi iliachwa tangu mwanzoni mwa 2006. Haijanisumbua. Mabomba ya mpira ya mafuta ndiyo ya kubadilisha yote, bila mjadala, kabla ya safari ya kwanza.

20. Rejeta nijaze maji ya bomba?

Maji ya ukanda wa Meru yana madini mengi. Floraidi yake tunaijua kwa meno yetu. Usiyatie kwenye injini ya aluminiamu. Tumia maji yaliyochujwa madini, yale ya betri yasiyo na asidi, pamoja na kulanti.

21. Breki ziko laini lakini zinashika. Zinatosha?

Hazitoshi, na hili si la kuahirisha hadi rangi iishe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, unyevu hutengeneza kutu ndani ya kalipa na masta silinda. Mabomba laini huvimba kwa ndani, yanaruhusu mafuta kwenda na kuyakataza kurudi, gurudumu linabaki limebana. Badilisha mabomba, weka mipira mipya kwenye kalipa zote, jaza DOT 4 mpya. Nimewahi kukuta oili ya injini kwenye kikombe cha breki. Mipira yote ilikuwa imevimba.

22. Umeme unakuja na kuondoka.

Anza na ethi, pale waya wa umeme unapofungwa kwenye bodi: toa, kwangua hadi chuma kinang'aa, rudisha. Kisha boksi la fyuzi, ambalo lina fyuzi za umbo la risasi zinazoshikwa kwa ncha, na ncha hizo hupata ukungu. Mara nyingi hapo ndipo mwisho wa ugonjwa. Fundi waya akianza kwa kupitisha waya mpya moja kwa moja kutoka betri, mwondoe ufunguo mkononi. Panya ni sura nyingine. Kama walizaa dashibodini, agiza mkanda mzima wa nyaya.

## Spea

23. Spea nazipata wapi?

Kariakoo na Gerezani hutazipata, ingawa bearingi, sili za oili na belti huuzwa kwa vipimo, si kwa jina la gari. Nenda na ya zamani mkononi, soma namba iliyoandikwa, utaokoa fedha nyingi. Busha za kawaida fundi wa lezi wa Unga Limited atakuchongea. Kilichobaki kinatoka Italia, Uingereza, Ujerumani na Uholanzi, ambako wapo wanaozalisha upya karibu kila kitu cha Alfa hizi, hadi bati za sakafu. Kwa Fulvia ni vigumu zaidi.

Kusanya oda. Kifurushi kimoja cha vitu ishirini ni nafuu kuliko ishirini vya kimoja kimoja. Vidogo vije kwa ndege, bati zije kwa meli. Risiti iwe ya kweli na yenye maelezo. "Vifaa vya gari" pekee hukaa ghalani hadi ueleze.

24. Tairi za inchi 14 nyembamba?

Utauziwa za magari madogo ya mizigo kwa kuwa saizi inafanana. Ni ngumu, hazishiki kwenye kona, gari litaruka kama mbuzi. Agiza za gari la abiria, na soma tarehe ya kutengenezwa ubavuni.

## Maswali ya pembeni

25. Si niweke tu injini ya Toyota?

Kila fundi atakushauri hivyo, na kwa nia njema: spea zipo, gari litatembea mwezi ujao. Kama gari lako lina injini yake, nasema usifanye. Utakuwa umelipa ushuru na bati la Alfa ili uendeshe Altezza yenye kelele. Kama lilifika bila injini na fedha ya kuagiza haipo, sitakuhukumu, ila weka kwa namna inayoweza kurudishwa: usikate ukuta wa injini, usikate njia ya giaboksi, na injini mpya iandikwe kwenye kadi.

26. Fundi hajaona giaboksi chini ya gari. Limeibiwa?

Kama ni Alfetta GT, la. Liko nyuma, pamoja na klachi, likiwa limeshikana na difu. Nimepigiwa simu hii mara mbili.

27. Bima na trafiki?

Bima ndogo haina tatizo. Bima kubwa itahitaji tathmini, kwa hiyo tunza picha na risiti zote. Trafiki husimamisha ili kutazama. Stika ya Nenda kwa Usalama iwepo, taa na honi zifanye kazi, uwe na dakika kumi za kuongea.

28. Naombwa gari kwa ajili ya harusi kila wiki. Nikubali?

Endesha mwenyewe au usikubali. Mwendo wa harusi, polepole, nyuma ya tarumbeta, jua la saa nane, ndiyo njia ya haraka ya kuchemsha injini ya aluminiamu. Na bibi harusi hufunga mlango kwa nguvu.

29. Nikishindwa katikati?

Wengi hushindwa, na gari lililofunguliwa likauzwa kwa mtu mwingine huwa halirudi tena barabarani, kwa sababu hakuna ajuaye bolti ipi ni ya wapi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza fungua kana kwamba atakayefunga si wewe. Piga picha kabla ya kila spana. Weka bolti za kila sehemu kwenye kopo lake la Blue Band, bandika karatasi: "mkono wa kulia mbele", "bawaba ya mlango kushoto". Ya pili niliyonayo sasa niliipata kwa mtu aliyeshindwa. Alikuwa na makopo sitini na moja, yote yameandikwa kwa kalamu. Niliongeza bei bila kuombwa.